Rangi ya Kijani Mferejini

Karibu na robot, zile taa za kuongozea magari, mtaani kwetu Malvern, mafundi wamefukua barabara kutafuta bomba lililopasuka. Harufu ya udongo uliolowa imenisimamisha.

Nilikuwa mtoto, Omani, kwenye jangwa linaloteremka hadi pwani. Shangazi yangu, mpima ardhi, alikuwa akiupima mfereji wa kale uliochimbwa chini kwa chini kutoka milimani. Wakubwa walitaka kuufukia wapitishe barabara. Walisema umeshaziba, na maji yanayofika kwenye mitende yanatoka kwingine.

Shangazi alikwenda kumwaga rangi ya kijani kwenye kisima cha juu, mfereji unapoanzia, tuone kama itatokea chini. Mimi aliniacha chini, maji yanapotokeza, pamoja na bibi mwenye mitende, Mswahili mwenzetu.

"Ukiiona rangi, piga kelele," Shangazi aliniambia kabla ya kuondoka. "Usipoiona, usiseme umeiona."

Tulingoja hadi jua la utosi. Nilitia mkono majini, nikajiuliza yanapita wapi kwenye giza lile, na waliochimba walijuaje wanakokwenda.

"Sema tu imekuja," bibi alininong'oneza. "Nani atajua?"

"Shangazi atajua."

Bibi aliitazama mitende yake. Nilimwonea huruma hata nikafungua mdomo niseme. Hapo ndipo vidole vyangu vilipoanza kuwa kijani.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Barabara ilikuja kupitishwa kwingine, lakini siku ile hatukulijua hilo. Shangazi alipofika mbio, alimkuta bibi ameingia majini na kanga zake, anacheka peke yake.