Ndiga za Uvunguni

Ilianza Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, mwenyekiti wa kijiji alipoingia uani kwetu na kumkuta bibi anaanika ndiga. Saa naikumbuka kwa sababu taarifa ya habari ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha, na mjomba alikuwa anazitoa betri kwenye redio aziweke juani zipate nguvu. Habari yenyewe ilikuwa ya wabunge wanaobishana kama serikali iendelee kutoa fedha kwa ajili ya mbolea na salfa na mahindi ya njaa, au iachie soko. Mjomba alikuwa bado anawajibu mmoja mmoja, kwa sauti, kana kwamba wanamsikia.

Mimi nilikuwa likizo. Nasoma Lindi, kidato cha tatu, nakaa kwa mama mdogo Rasbura, ila nyumbani hasa ni Kikole kwa bibi. Watu wakiniuliza jambo mbele ya watu huwa naangalia vidole vyangu vya miguu. Nasema hili mapema ili lieleweke huko mbele.

"Kesho tuna ugeni," mwenyekiti alisema. "Bwana mkubwa wa wilaya na watu wake wa chakula. Wanapita vijijini kuangalia wapi kuna njaa ya kweli. Mahindi ya serikali safari hii ni machache, hayatoshi kila kijiji." Kisha akautazama mkeka. "Bi mkubwa, hizi uzitoe hapa."

Ndiga ni mzizi wa porini, na mwenye muhogo shambani hahangaiki nao. Una sumu. Unaumenya, unaukata vipande vyembamba, unauacha kwenye maji ya mto yanayotembea mpaka sumu iishe, ndipo unauanika na kuutwanga unga. Ukifanya haraka unatapika usiku kucha, na wapo waliokufa. Sisi tulikuwa tunakula ndiga tangu kabla sijafika likizo. Mvua ilikatika mapema, muhogo ukakaukia ardhini, na mikorosho ilishikwa na ubwiri, ule unga mweupe unaounguza maua. Salfa ya kuupulizia haikuletwa tena kijijini kwa bei nafuu kama zamani. Siku hizi iko dukani Nangurukuru, ukiwa na pesa unachukua, huna unaiangalia.

"Azitoe za nini?" mjomba aliuliza. "Si ndiyo njaa yenyewe wanayokuja kuitafuta?"

"We kijana, mgeni wa serikali umuonyeshe vitu hivi?"

"Nimuonyeshe, nimpe na kijiko."

Nilicheka. Bibi hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya mkeka, akainuka polepole akishika kiuno.

"Nimuonyeshe mgeni ndiga? Basi nivue na kanga kabisa, anione vizuri."

Mwenyekiti akashusha pumzi. Kumbe alikuwa na jambo jingine. Wageni lazima wale, na kijiji kizima kilijua wali wa bibi yangu haukuwa na mpinzani. Alisema hivyo akitazama juu, na sisi sote tukatazama juu, kupitia mlango wa jikoni, darini, mahali linapotundikwa kapu la mpunga wa mbegu. Hukaa pale kwenye moshi ili wadudu wasiuguse. Ni mpunga wenye harufu, wa mama yake bibi. Kila mavuno bibi huchagua masuke yaliyojaa kuliko yote, anayarudisha kwenye kapu lile, na hakuna anayeruhusiwa kuligusa mpaka mvua zianze. Mchele mwingine kwetu haukuwepo. Wala kwa jirani.

"Mama, ile ni mbegu," mjomba alisema.

"Najua ni mbegu. Nimeitundika mimi."

"Sasa tutapanda nini?"

"Mahindi yakija tutakula mahindi, tutapata nguvu ya kulima, mbegu nitaomba kwa dada yangu. Mgeni akila akashiba atasema hawa watu wana utu, hawa tuwasaidie. Wewe mgeni utamlaza njaa halafu umuombe chakula?"

Mjomba alichukua betri zake akaondoka. Mwenyekiti alisema Mungu atalipa.

Mchana tulitwanga, mimi na bibi, mchi huu na ule. Huwa ananiita mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, na siku nyingine zote tukitwanga ananichokoza: eti napiga mchi kama naogopa kuuumiza mpunga. Siku ile hakunichokoza. Nilipiga mchi taratibu, na safari hii ni kweli niliogopa. Kila tulipopiga nilijua punje hizi hazitaota tena. Halafu alinituma nizikusanye ndiga, nizisukume uvunguni mwa kitanda chake na kushusha shuka hadi chini. Nilipotoka kutupa takataka niliona jirani naye anabeba mkeka wake kuingia ndani. Nyumba ya pili vilevile. Kijiji kizima kilifagia. Kilipendeza kama sikukuu, ila watoto walikuwa wamekaa vibarazani tu, hawachezi.

Kesho yake gari lilifika kabla ya adhuhuri. Wageni walitembezwa nyumba hadi nyumba. Yule bwana mkubwa alikuwa mtu wa sauti nzuri, mpole, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angekuwa mkali ingekuwa rahisi. Alimsalimia bibi kwa heshima zote, shikamoo mama, akavua viatu kabla ya kukanyaga jamvi. Bibi alikuwa amechinja kuku wawili, wa mwisho. Wali ulikuwa wa nazi, na harufu yake ilitoka hadi barabarani. Niliwaona watoto wa jirani wamesimama kwa mbali wameegemea ua. Hakuna aliyewafukuza, hakuna aliyewaita.

Kazi yangu ilikuwa kunawisha. Nilipiga magoti mbele yake na birika.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Unasoma?"

"Nasoma."

"Safi sana. Kidato?"

Nilimjibu. Kisha sijui nini kilinipata. Niliyatazama maji yanavyoteremka vidoleni mwake, nikasema, si kwa sauti kubwa lakini alisikia: "Huu wali ni wa mbegu."

"Wa mbegu?" Akainua uso. "Aa! Ndiyo maana unanukia hivi!" Akamgeukia mwenzake. "Unasikia? Wenzetu huku wanakula wali wa daraja la mbegu. Sie mjini tunatafuna mchele wa kutoka ng'ambo, hauna hata harufu." Wakacheka, na mwenyekiti akacheka nao. Bibi alinifuata jikoni akanifinya mkono juu ya kiwiko.

"Unamwaibisha mgeni na chakula mkononi? Ndiyo mnayofundishwa Lindi?"

Baada ya chakula mkutano ulifanyika kwenye ghala la chama cha ushirika. Zamani korosho zilijaa mle mpaka mlangoni, na salfa na mbolea vilitolewa dirishani. Sasa kuna popo tu. Watu walikaa chini, wanawake upande wa ukuta.

Yule bwana alieleza vizuri. Serikali, alisema, imejitoa kwenye biashara ya chakula. Fungu la ruzuku limepunguzwa, na ghala la taifa si la kila mtu. Wafanyabiashara wameruhusiwa, mahindi yatakuja yenyewe kufuata bei.

"Mmejitoa kwenye chakula," mzee mmoja alidakia, "na kwenye kodi ya maendeleo mmejitoa lini? Maana juzi mgambo walikuwa hapa."

Ghala lililipuka kwa kicheko. Hata yule bwana alitabasamu.

"Na huyo mfanyabiashara," mwanamke mmoja akaongeza, "tunamuona Nangurukuru. Mahindi yake yamepanda basi toka mbali, yameshuka yamechoka kwelikweli, na bei yake haishikiki. Sie tukanunue na nini? Korosho zote zimeota unga. Mlipokuwa mnatupa ruzuku ya salfa tulikuwa tunauza korosho, tunanunua chakula wenyewe. Hatukuwa tunaomba."

"Mama, serikali haina pesa."

"Gari mlilokuja nalo linakunywa maji?"

Walipiga makofi. Nilidhani tunashinda. Kwa kweli nilidhani, kwa sababu shuleni anayeshangiliwa kwenye mdahalo ndiye mshindi. Yule bwana akasubiri makofi yaishe.

"Ndugu zangu, mimi sikuja kubishana kuhusu bajeti. Hiyo imeshapitishwa. Mimi nimeambiwa niangalie nani ana njaa. Kuna vijiji nimefika nimepewa maji matupu, watu wanakula mizizi ya porini. Hapa nimepita nyumba hadi nyumba, pasafi. Sikuona ndiga hata moja. Nimekula wali na kuku, Mungu awabariki. Sasa niandike nini?"

Mwenyekiti alikuwa anaangalia kofia yake. Mjomba akasimama kule mlangoni.

"Mzee, turudi nyumbani kwetu ukainue shuka. Ndiga ziko uvunguni kwa mama. Ziko uvunguni kwa kila mtu humu."

Watu waligeuka. Hawakumtazama mjomba, walimtazama bibi. Yule bwana naye alimtazama, na akauliza kwa upole wake uleule: "Mama yangu, ni kweli? Una ndiga uvunguni?"

Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, bega kwa bega. Nilihisi mwili wake unakuwa mgumu. Neno moja tu lilihitajika, na si refu. Wote walikuwa wanalisubiri, wale wanawake wa ukutani ambao walikuwa na ndiga zao. Alivuta kanga ikafunika mdomo.

"Mtoto huyu ana utani," alisema.

Mtu mmoja akacheka, halafu wengi, kicheko kile cha mtu aliyeokolewa kwenye aibu. Bwana mkubwa naye akacheka, akafunga faili. Mjomba alitoka nje. Mimi niliangalia vidole vyangu vya miguu.

Jioni, gari limeshaondoka, bibi alikuwa anasugua sufuria lisilo na ukoko, maana hata ukoko tuliwapa watoto wa jirani. Nilikuwa na hasira naye ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu. Aliiona.

"Na wewe ungesema?" aliniuliza.

"Mimi nilisema."

Akaendelea kusugua. "Ulisema," alisema baadaye. "Akacheka."

Nimefikiri sana kuhusu hilo. Huko Bungeni wanabishana nani apewe na nani asipewe, na kila anayebisha ana takwimu zake. Hakuna anayesema kwamba ili upewe, lazima kwanza ujivue nguo mbele ya mgeni uliyemlisha. Bibi hakuweza. Wanawake wa ukutani walikuwa na midomo yao na hawakuweza pia. Simsamehe, lakini yule bwana mpole simsamehe zaidi, kwa sababu yeye alikuwa na harufu ya mbegu vidoleni na bado aliuliza.

Dada yake bibi alileta salamu usiku uleule kupitia mjukuu wake: mbegu hana, naye ameshakula yake.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema, nikachukua ungo nikaenda nyuma ya kinu, kwenye lundo la pumba. Nikazipepeta kidogo kidogo, nikitafuta punje zilizoponyoka mchi zikiwa bado na maganda yake. Kuku wa kugombana nami hawakuwepo. Jua lilipopanda nilikuwa nimepata punje za kujaa kiganja, nikazifunga kwenye pindo la kanga, kisha nikaingia ndani, nikainua shuka la bibi, nikazitoa ndiga uvunguni na kuzianika mbele ya nyumba, upande wa barabarani.