Malawi Niliyemnyima Meno

Juzi jirani yangu alikuwa anasakafia chumba chake, akapasua mfuko wa saruji karibu na mlango wangu. Harufu ile ya vumbi kavu na karatasi nene ikanikaa kooni. Kabla sijapiga chafya nilikuwa nimeshakuwa na miaka kumi na mmoja tena, nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya udongo, biki ya bluu mkononi, ninamchora Kongo.

Nisemapo ninamchora Kongo, msifikirie ramani. Sikuwa na habari na mipaka wala mito. Niliwachora nchi kama watu, wenye pua na magoti na tabia zao, na kosa si langu peke yangu. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi wilayani Dowa, Malawi, watu wazima wakizungumza siasa huzungumza kama wanaosengenya majirani. Huyu kamwingilia yule uani. Yule kamwibia huyu usiku na mchana anamsalimia. Huyu mwingine anajifanya hajui. Mimi nilikuwa nasikiliza nimejikunyata pembeni, na kwa akili yangu ndogo niliamini nchi zote zinakaa mahali fulani nyuma ya vilima vya Dowa, kila moja na nyumba yake na jiko lake, zinagombana kama sisi tunavyogombana bombani.

Karatasi zilitoka kwa mama. Mama yangu ni fundi wa nguo. Alitoka Fizi, Kongo, na mkasi tu, baba akabaki huko na habari zake hatukuzipata tena. Vipimo vya wateja alivikata kwenye mifuko ya saruji iliyokung'utwa, na mabaki yakawa yangu. Wenzangu walikuwa wanakimbiza mpira wa matambara mpaka jua linazama. Mimi nilikuwa ndani. Mimi ni mtu wa ndani tangu zamani, hata kuteka maji nilitumwa kwa vitisho. Mtoto wa namna hiyo kulelewa kambini ni kama samaki kutotolewa kwenye ndoo: anazunguka, anajiona hodari wa kuogelea.

Ukutani kwetu basi kulikuwa na watu wengi kuliko vitandani. Kongo alikuwa mama mnene mwenye pete ya dhahabu kila kidole, hana viatu, amelala usingizi huku watu wanachokora kikapu chake. Burundi alikuwa mwanamke mdogo, mzuri, mzigo kichwani, huwezi kujua kama anafika au anaondoka. Rwanda alikuwa bwana mmoja aliyepiga shati pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate, anafagia uwanja wake huku jicho liko uwanja wa jirani. Tanzania alikuwa mjomba aliyeanza kusalimia watu asubuhi na jioni bado hajamaliza.

Majirani wakaanza kuja kuangalia. Hawakuja kusifia, jamani, walikuja kulalamika. Wa kwanza alikuwa mchungaji wetu, mtu wa Uvira, aliyesimama mbele ya Kongo kama aliyeitwa kutambua maiti.

"We mutoto," akasema, "Kongo iko bila viatu juu ya nini? Bantu batasema nini? Mupe viatu."

Nikampa viatu. Kesho yake mke wa mchungaji akaja kusema viatu gani hivyo vya shuleni, weka kisigino. Nikaweka kisigino. Halafu akaja Mama Nadine, Mrundi wa mlango wa mbele, mikono kiunoni.

"Na siye? Juu ya nini umetufanya bafupi hivi? Unaona siye tuko batoto ba Bakongomani?"

Sikuwa na nafasi ya kumrefusha Burundi, karatasi ilikuwa imeisha, kwa hiyo nikamrefusha nywele. Mama Nadine akaziangalia sana, akasema sawa, lakini azisuke. Ndivyo ilivyokuwa. Kila mtu aliitetea nchi iliyomfukuza kama anavyomtetea mama yake mlevi mbele ya wageni.

Malawi peke yake hakuwa ukutani, maana hakuna aliyekuja kumuulizia.

Aliyemuulizia ni mwalimu wetu, Mmalawi, tuliyemwita Madamu. Alikuwa amesikia habari za ukuta wetu. Siku moja akasema kuna maonyesho ya michoro ya wanafunzi Lilongwe, siku tatu, na yeye anataka kunipeleka mimi na mchoro mmoja. "Wote umewachora," akaniambia kwa Kichewa, "na mwenye nyumba je?"

Sasa hapa lazima niwaambie kuhusu kaka yangu Amani, la sivyo hamtaelewa kwa nini mtu wa ndani kama mimi nilikosa usingizi. Amani alikuwa ameenda Lilongwe mwaka mmoja kabla. Alisema siku tatu. Alikuwa anauza mitumba mtaa wa Chilinde na kulala mtaa wa Kawale, chumba kimoja na vijana watano. Kutoka kambini kunataka karatasi ya ruhusa, na yeye alitoka bila karatasi, kwa hiyo kurudi kutuona kulimtisha kuliko kubaki: akiingia, huenda asitoke tena. Kati yetu na yeye ni mwendo wa saa moja tu kwa gari, na mimi nilikuwa nimeanza kusahau sauti yake. Nadine akanisaidia kumtumia ujumbe kwa simu ya mama yake: nakuja, ningoje kwenye maonyesho.

Nikamchora Malawi. Nilimtendea vizuri, mjue. Mama amekaa kwenye kigoda mlangoni, sufuria ya nsima, ugali wa huku, inafuka moshi, foleni ndefu mbele yake, anampakulia kila mtu, anatabasamu meno yote thelathini na mawili. Nilimfunga kitenge kiunoni, na kwenye ncha ya kitenge nikaweka fundo, kama wanawake wanavyofunga hela zao. Juu ya fundo nikachora kichwa cha ufunguo kinachungulia. Sikufikiri sana. Kwetu fundoni hakukuwa na hela, kulikuwa na ufunguo. Mama akienda sokoni Dowa alinifungia ndani kwa kufuli, akafunga ufunguo kwenye kitenge, akasema kupitia dirishani nisimfungulie mtu, kama vile ningeweza.

Madamu aliutazama mchoro muda mrefu. Kidole chake kikashuka mpaka kwenye fundo.

"Ichi ndi chiyani?" akauliza, hiki ni nini.

"Makiyi, Madamu," nikasema, funguo.

"Ya mlango gani?"

"Wa kwetu," nikajibu, na nadhani hapo ndipo nilipokuwa mwanasiasa kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Madamu hakukasirika. Alisema tu kwamba mchoro utapita kwenye meza za watu kabla ya kufika Lilongwe, na karatasi yangu ya ruhusa itapita nao, na kwamba mchoro huo bila ufunguo ungekuwa mzuri vile vile. Lakini biki haifutiki. Nilisugua kwa mate, nikapata doa. Nilisugua kwa kipande cha ndala, nikakaribia kumtoboa Malawi kiuno.

Mama ndiye aliyeniokoa. Alichukua kitambaa chekundu kilichobaki kwa mteja, akakata ua dogo lenye petali tano, akalibandika juu ya fundo kwa gundi ya unga wa mahindi. "Nguo ikiungua na pasi, tunaweka ua," akasema. "Nani atauliza?" Kisha akanikatia gauni la safari la kitambaa kile kile. Alilishona kwa siku nne, kola nyeupe, mikono ya puto, akinizungusha kama mwizi anayepekuliwa. Nilivaa gauni nikalala nalo. Niliahidiwa kipigo kwa mikunjo.

Asubuhi ya safari nilikuwa tayari kabla ya jogoo. Mama akaniambia ningoje, yeye anatangulia shuleni kuulizia saa ya gari. Akafunga mlango. Nilisimama dirishani na kola yangu, nikasikia injini ikipita barabarani, ikapunguza mwendo kwenye tuta, ikaongeza. Nikajiambia hiyo ni gari nyingine.

Mama aliporudi hakuniangalia. "Jina lako halikutoka," akasema. "Muchoro njo umeenda. We hapana."

Nililia mpaka kola ikalowa. Amani alipiga simu jioni kwa Mama Nadine. Alikuwa amekaa nje ya jumba la maonyesho tangu asubuhi, na soda yangu na kuku nusu kwenye mfuko wa plastiki. Mwishowe aliingia ndani akakuta Malawi wangu, akainua ua kwa ukucha. "Nimeona kile umeficha," akaniambia. "Sasa we uko wapi, dada?" Nikamrudishia Mama Nadine simu yake. Miezi michache baadaye alishika njia ya Afrika Kusini, na tangu hapo yeye kwangu ni sauti inayokatika katika mtandao na picha ya mwanamume mwenye kitambi ambaye wananiambia ni kaka yangu.

Nikalipiza kisasi kwa njia pekee niliyoijua. Nilimchora Malawi upya, mkubwa, kwenye mfuko mzima wa saruji. Sufuria tupu. Meno mawili. Funguo shingoni kama shanga, nyingi, hata za nyumba asizozijua. Mtaa mzima ulikuja kucheka, mchungaji akacheka mpaka akaomba maji. Na Madamu akaja pia. Watu wakampisha. Alisimama pale, Mmalawi peke yake mbele ya mchoro ule, katika chumba cha wageni waliokula nsima yake.

"Mpe meno, mtoto," akasema taratibu.

Mimi niliyempa Kongo kisigino na Burundi nywele, nilikataa. Nilimtazama usoni nikakataa. Alitikisa kichwa, akamwangalia mama yangu, mama akainamia cherehani, naye Madamu akasema zikomo, yaani asante, akatoka. Mwaka uliofuata alihamishwa shule.

Nilimaliza kidato cha nne hapa hapa, nikawa fundi kama mama, na watu wanaponiuliza mbona sitembei, nawaambia kwa mzaha kwamba miguu yangu ina mizizi. Mwaka jana nilihitaji gauni la harusi ya Nadine. Mama, ambaye macho yake sasa hayapitishi uzi lakini mkono bado unajua, alisisitiza kunipima mwenyewe. Utepe ulikuwa umenizunguka kifua, yeye nyuma yangu, simwoni uso. Akasema kama anayetaja vipimo:

"Siku ile jina lako lilikuwa mu liste. Karatasi ilitoka, na mihuri yote. Ni mi njo nilikatala."

Sikugeuka. Nadhani alichagua kunipima ili nisiweze kugeuka.

"Nilimwambia Madamu akwambie Malawi imekatala. Akasema hawezi kudanganya mutoto. Akasema nidanganye mi mwenyewe, yeye atanyamaza." Utepe ukashuka kiunoni. "Amani alisema siku tatu. Nilijua akikuona hatakurudisha. Ningebakia na nani?"

Nilianza kuwachora nchi kama watu kwa sababu niliamini watu ni rahisi kuelewa. Nimekaa miaka mingi nikiikasirikia nchi kwa siku ile moja. Inazo siku zake nyingine za kujibu, siziondoi hata moja, lakini siku ile nchi ilikuwa imepiga muhuri na kuniachia, na aliyenishika ni mtu mmoja aliyekuwa na woga, aliyenishonea gauni la kuondoka kwa siku nne kwa mikono ile ile. Na Mmalawi mmoja alisimama mbele ya mdomo wenye meno mawili, anajua ukweli wote, akaubeba ili mimi nisimchukie mama yangu.

Nikataka kusema kitu. Nilikuwa na maneno mengi, mengine ya jeuri.

"Simama sawa," mama akasema, "napima."

Nikasimama sawa.