Mbwa Aliyeitwa kwa Jina la Baba Mkwe

Majina yote nayakumbuka. La mume wangu, la jumbe wetu, ya wifi zangu wote mpaka yule aliyefariki mtoto, hata ya ng'ombe. Lakini hapa sitaandika hata moja, na si kwa sababu ya uzee. Jina la baba mkwe wangu sijalitamka tangu nilipoolewa, na yeye yuko kaburini miaka mingi. Siku hizi nasikia wakwe wanaitana kama watoto wa shule. Sisi hatukulelewa hivyo. Mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Kama mzee anaitwa Mvua, wewe utasema maji ya juu yanakuja, na kila mtu atakuelewa.

Naandika kwa sababu mjukuu wangu aliniambia juzi, "Bibi, huyu mbwa kazaliwa mkali." Nikamwambia kaa chini. Mbwa hazaliwi mkali, anafanywa mkali, na mara nyingi aliyemfanya hajui kama ni yeye. Mimi nalijua hilo kwa mguu wangu.

Niliolewa Kinyangiri wakati wa Mwingereza. Kwetu ni upande wa Unyaturu, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu, na nilikuwa nimesoma kwa wamisheni kiasi cha kujua herufi, basi. Nilikuta nyumba ya watu wenye ng'ombe na mbuzi, na mbwa mmoja mwekundu, sikio moja limechanwa na fisi. Alikuwa mbwa wa kazi. Mbuzi walikuwa hawalali salama bila yeye.

Huyo mbwa aliletwa na mtani wa baba mkwe. Mtani, hata akuambie nini, hukasiriki, unangoja zamu yako. Basi yule mtani alikuja na kitoto cha mbwa kwenye mfuko wa ngozi, akakiweka katikati ya ua.

"Mtani, nimekuletea mwanao. Nimempa jina lako. Mkeo akiita, tuone nani atafika wa kwanza."

Baba mkwe akajibu, "Atafika mbwa. Mimi nina kazi."

Wifi yangu ndiye aliyenisimulia, huku ameshika mbavu. Na jina likashika. Siku za mwanzo kila akiitwa mbwa, mzee aligeuka. Baadaye akaacha kugeuka. Mama mkwe aliita, watoto waliita, wapita njia waliita. Wakazoea mpaka wakasahau kwamba lile lilikuwa jina la mwenye nyumba. Likawa la mbwa tu.

Mimi ndiye sikusahau. Ningewezaje? Nimefika jana, kanga yangu bado inanuka mafuta ya harusi, nisimame uani nipaze sauti jina la baba mkwe? Ningezimia kwanza.

Sasa tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Mwingine akirudi shambani anaita tangu mbali, mbwa anajua ni nani, anatikisa mkia. Mimi narudi kimya. Kichwani nina mzigo wa kuni mpana kuliko mlango. Yeye anaona nini? Anaona kitu kirefu chenye kichwa kikubwa, kinaingia kwao bila kusema neno. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Akaanza kunguruma. Aliponguruma nikashika fimbo. Aliponiona na fimbo akanguruma zaidi. Hapo ndipo ukali unapoanzia, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyeanza.

Siku moja nilitoka mtoni na mtungi. Wenzangu walikuwa shambani, mama mkwe yuko ndani anachambua choroko. Mbwa amelala katikati ya njia, kwenye mlango wa ua, usingizi mzito. Mtu mwingine angemwita jina, angeamka, angepisha. Mimi nikasema "shh, shh." Hakuamka. Nikamsukuma kwa mguu. Akaamka na meno. Mtungi ulivunjika pale pale, na shavu la mguu wangu wa kushoto lina alama mpaka leo.

Mama mkwe alitoka mbio. "Kwani hukumwita?"

"Sikumwita, mama."

"Sasa kwa nini?"

Nikainama kuokota vigae vya mtungi. Alinisafisha kidonda kwa maji ya moto na chumvi, akanifunga kitambaa cha kaniki, na hakuuliza tena.

Siku zile jumbe alikuwa ametangaza amri ya serikali kwamba mbwa aliyeuma afungwe, kwa hofu ya kichaa. Wakamfunga kwenye nguzo ya zizi kwa kamba ya ngozi. Kichaa hakuwa nacho, alikula vizuri na maji alikunywa. Lakini mbwa aliyezoea kukimbia na mbuzi kutwa, ukimfunga, anaharibika. Akaanza kuwangurumia hata watoto waliokuwa wakimlalia tumboni. Majirani wakaja na maelezo yao. Mmoja akasema amelishwa nyigu wa kuchoma. Mwingine akasema pilipili. Nami nawaambia, pilipili inamchoma mbwa tumbo, haimpi ukali wa maana. Nimeona waliojaribu.

Maelezo mabaya yalitoka ndani ya nyumba. Shangazi wa mume wangu, dada yake baba mkwe, aliishi nasi, na neno lake lilikuwa zito.

"Huyu mbwa hajawahi kumgusa mtu wa nyumba hii," alisema, mbele yangu, akipepeta mtama. "Kamgusa huyu tu. Mbwa anaona tusiloliona sisi. Kuna kitu huyu amekuja nacho."

Nililielewa neno lile, na kila mtu alilielewa. Bi harusi aliyekuja na kitu anarudishwa kwao, na ng'ombe wa mahari wanarudishwa kwa mume. Mama yangu angewatazama vipi wale ng'ombe wakitoka badala ya kuingia? Na nani angenioa tena? Mume wangu aliniambia usiogope, lakini yeye mwenyewe mbele ya baba yake hakuwa na la kusema. Ikaamuliwa shauri lizungumzwe siku ya pombe, baada ya kuvuna, wazee wakiwepo.

Nilikuwa na muda wa kutazama, nami nikatazama. Wifi akipita na ukoko wa ugali, anaita jina, mkia unapiga chini pu pu pu. Mimi nikipita, nywele za mgongo zinasimama. Baba yangu mzazi alifuga mbwa wa kuwindia, najua mbwa mwenye chuki na mbwa mwenye wasiwasi. Huyu hakuwa na chuki nami. Hakunijua.

Siku ya pombe ikafika. Wazee wamekaa uani mchana kweupe, vibuyu mkononi, na yule mtani yuko kwenye kigoda katikati yao. Shangazi akasema yake yote. Mama mkwe akanigeukia, maana mimi nisingeweza kumjibu baba mkwe moja kwa moja.

"Mwanangu, una neno?"

"Ninalo, mama. Naomba kumwambia babu mtani."

Watu wakaangaliana. Nikapiga magoti. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Mguu umepona?"

"Mguu utapona. Mdomo ndio haujapona."

"Ee! Na mdomo nao kaung'ata?"

"Mdomo uliufunga wewe."

"Mimi? Nimeufunga lini, na sijalipa hata mahari?" Wazee wakacheka.

"Kila mtu hapa ana neno la kumwambia yule mbwa," nikasema. "Mimi sina. Nikimwita, nitakuwa nimemwita nani?"

Baba mkwe akashusha kibuyu taratibu. Mama mkwe akaziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka. Ndipo yule mtani alipoanza kucheka, akacheka mpaka kigoda kikamtupa chini.

"Kumbe ni mimi niliyemng'ata mtoto wa watu!"

Shangazi hakucheka. "Hayo maneno tu. Mbwa anajua nini habari ya adabu za ukweni?"

"Hajui, shangazi," nikamjibu. "Ndiyo maana nikinyamaza ananiona mwizi."

Baba mkwe akamwambia mtani, "Ulimpa jina. Mwondolee."

"Jina la utani haliondoki hivi hivi, mpaka lije lingine mahali pake." Mtani akajifuta vumbi, akanitazama. "Haya, mke wangu. Mpe unaloweza kulitamka."

Nami nikalitamka. Nilitamka jina la mtani mwenyewe, zima, na la baba yake juu yake.

Jamani! Wazee walipiga makofi, mmoja akamwaga pombe yake yote. Baba mkwe, ambaye alikuwa ameubeba utani ule tangu mbwa akiwa kitoto, alicheka mpaka akakohoa machozi. "Sasa, mtani," akasema alipopata pumzi, "wewe na huyo, tuone nani atafika wa kwanza!"

Lakini shangazi akauliza, "Na asipobadilika je?"

Kicheko kikapungua. Baba mkwe akafikiri, akasema, "Tungoje mpaka mtama upurwe wote. Tutaona."

Kwa hiyo nilikuwa sijapona bado. Jina peke yake si dawa. Nilimwomba mume wangu amfungue kamba, amwache aende na mbuzi, jioni arudi amechoka. Fimbo nikaitupa. Jioni nilikaa mbali naye kidogo, ubavu ubavu, maana mbwa hapendi kukodolewa macho, nikatupa tonge la ugali na kusema lile jina jipya kwa sauti ya chini. Mwanzo hakula mpaka niondoke. Kisha akala nikiwepo. Kisha akaanza kusogea. Nikitoka kuni niliita tangu kwenye mti wa msufi, naita na kuita, nafika mlangoni natua mzigo kwanza anione kichwa changu. Watoto wakaliiga jina lile. Mtani akipita njiani nao wanaita mbwa, aliitika kwa makusudi, "Naam!" na mbwa akabaki ameduwaa.

Mtama ulikuwa karibu kuisha kupurwa niliporudi siku moja na kuni, shangazi na mama mkwe wamekaa uani. Niliita. Mbwa alitoka mlangoni, akaja moja kwa moja. Nilisimama. Akanusa alama ya mguu wangu, akainusa sana. Kisha akageuka akatangulia mbele yangu, mkia juu, akaniingiza nyumbani kama anavyoingiza mbuzi.

Shangazi alisema "Hm."

Mama mkwe aliweka ungo chini. Mpaka siku ile nilikuwa napika kwenye jiko lake, kama bi harusi yeyote ambaye hajakubaliwa vizuri. Akaniambia, "Nenda na wifi yako mkachague mafiga. Matatu, yaliyolingana. Yasiwe ya mtoni, yatapasuka."

Tuliyatoa mlimani, tukayabingirisha yale yaliyotushinda kubeba. Nilipika ugali wangu wa kwanza kwenye jiko langu mwenyewe, na mlenda. Shangazi alisema chumvi imezidi. Bakuli lake lilirudi tupu, limepanguswa.