Kiti cha Précieuse

Spés ndiye aliyeanzisha yote. Anakaa Louisville, Marekani, ana mdomo mtamu, na Jumapili moja baada ya ibada alimtumia rafiki yake Dative picha za binti yake akila keki pembeni ya tembo wa zambarau aliyevaa tai. Tembo huyo anaitwa Pipo, mtu mkubwa kwenye katuni za watoto. Précieuse, binti pekee wa Dative, aliyekuwa anakaribia kutimiza miaka saba, alimjua Pipo kuliko alivyowajua ndugu zake wa Bukavu.

Kumbe kuna kampuni inayomzungusha Pipo na wenzake mji kwa mji. Wanakodi ukumbi wa hoteli, wanapanga meza, na wazazi wanalipa ili watoto wao wanywe chai ya asubuhi na wanyama wa katuni. Kila mtoto anakuta kiti chenye jina lake. Pipo anapita mezani, anakumbatia, anapigwa picha, na picha inatiwa kwenye fremu yenye jina la mtoto. Bei ya kiti kimoja inalisha nyumba ya Dative wiki nzima. Tena mtoto haingii bila mtu mzima, na mtu mzima naye analipa, awe na njaa asiwe nayo.

"Inafaa," Spés alimwambia kwenye simu. "Donc, usiangalie bei. Mutoto atakumbuka ile siku maisha yake yote."

Dative alikata simu akaendelea kukunja nguo, lakini maneno yale yalimkaa.

Hakuwa mtu wa kutupa hela. Alifanya kazi katika nyumba ya wazee huko Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo; aliwaogesha, aliwalisha, aliwageuza kitandani, na jioni alirudi na mgongo unaomlilia. Baba wa Précieuse alibaki Afrika, kwenye kambi ya wakimbizi, na mwanamke mwingine, akatuma salamu mara moja, basi. Kwa hiyo neno "inafaa" halikuwa neno dogo kwake. Alilipeleka hadi kwa Eliakunda, Mtanzania wa Kenmore, mke wa mwanafunzi wa chuo, aliyekuwa akija kusukwa nywele.

"Dada, hela yote hiyo ukale mayai na mtu aliyejivika kichwa cha tembo?" Eliakunda aliuliza. "Mimi nitakuja kwako nimejifunika blanketi, unipe wali tu."

Walicheka sana. Précieuse alikuwa sakafuni akichora, akainua macho, akacheka nao, kisha akamwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba si lazima, yeye hataki sana. Ndipo kicheko kilipomkauka Dative.

Maana huyo mtoto hakuwahi kudai kitu, na mama yake alijua vizuri kwa nini. Nyumba ya Dative haikukosa wageni. Familia mpya ikifika Buffalo, inalala kwake mpaka ipate pa kukaa. Wageni wakija, Précieuse analala chini, mtoto wao analala kitandani. Wageni wakiondoka, mtoto wao akililia mdoli, mdoli unakwenda naye. Dative mwenyewe alilelewa hivyo na hakuona ubaya. Unatoa cha mtoto wako kwa sababu mtoto wako ni wako, ataelewa, na utamfidia. Isipokuwa hiyo fidia haikufika kamwe. Siku ya kutimiza miaka sita, Précieuse aliipitisha kwa jirani, kwa sababu mama yake alikuwa zamu.

Sasa Dative alitaka kitu kimoja tu. Siku moja, asubuhi moja, mtoto akae kwenye kiti chenye jina lake na asiambiwe ainuke. Hilo ndilo alilokuwa analinunua. Mayai na tembo walikuwa nyongeza. Akachukua zamu za wenzake mpaka miguu ikavimba, akalipia viti viwili, cha mtoto na chake.

Tatizo ni kwamba Pipo hakuwa anafika Buffalo. Anafika Columbus, na Columbus, mtaa wa Linden, anakaa Birindwa, kaka mkubwa wa Dative, na mkewe Gracieuse. Ulale hotelini wakati kaka yako ana nyumba mji huohuo? Hata wazimu una mipaka. Na Gracieuse si wifi wa hivihivi. Dative alifika Marekani na mimba ya miezi saba, akalala sebuleni kwa Gracieuse karibu mwaka. Précieuse alipozaliwa, mikono ya kwanza kumwogesha nyumbani ilikuwa ya Gracieuse.

Kwa hiyo alipiga simu akasema anakuja kuwasalimia. Hakuwa muongo, kusalimia alisalimia. Ila ya tembo aliyameza. Alijua akiyasema tu, Blessing na Lucas, watoto wa Gracieuse, watakuwa wameshaingia kwenye hesabu, na viti vya watu wote hao hakuwa navyo. Alipanga kumwamsha Précieuse mapema Jumamosi, kumwambia Gracieuse wanakwenda dukani mara moja, na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mpango wa mtu mzima, na umri ule wote.

Walifika Ijumaa jioni. Gracieuse alikuwa amepika fufu na samaki, na sombe, majani ya muhogo aliyoyatwanga mwenyewe. Walikula, wakaongea habari za Bukavu, wakalala. Lakini mwambie mtoto wa miaka saba afiche gauni jipya la njano. Précieuse alimwonyesha Blessing, naye Blessing, mwenye miaka minane na masikio marefu, akayafikisha yote kwa mama yake.

Asubuhi Dative alitoka chumbani akawakuta wamekaa sebuleni, Blessing na Lucas wa miaka mitano, wameshaoga na kupakwa mafuta, wamevaa nguo za kanisani. Gracieuse alikuwa anafunga kitenge.

"Mama Précieuse," alisema kwa furaha ya kweli, "ile kufichaficha ni ya nini? Batoto bako tayari. Bon, twende, tusichelewe."

Hapo ndipo angesema. Wewe na mimi tunaona hapo ndipo. Angesema tu, viti ni viwili, Mama Blessing, unisamehe. Lakini fikiria mwenyewe kusimama sebuleni mwa mtu, mahali ulipolala na mimba yako, umwambie avue watoto wake nguo. Ulimi ulimkatalia. Akajipa moyo kwamba chakula ni cha kujipakulia, watoto watabanana kwenye viti, hakuna atakayefukuza mtoto kwenye chakula. Kwao hakuna aliyewahi kufukuza mtoto kwenye chakula. Birindwa alikuwa ameondoka na gari kwenda kazini kwenye ghala, kwa hiyo wote wakapanda la Dative.

Binti wa mapokezi pale hotelini alikuwa na adabu na mabawa ya nyuki mgongoni. Alitafuta jina, akatabasamu, akatoa bangili mbili za karatasi. Dative akaeleza kwa Kiingereza chake kwamba wako watano. Binti akatazama, akaenda kuuliza, akarudi. Ukumbi umejaa. Kwa huruma wanaweza kuongeza kiti kimoja cha mtoto. Zaidi ya hapo, hapana. Akaweka bangili ya tatu mezani.

Mtu mzima mmoja, watoto wawili. Na pale mbele ya meza walisimama wanawake wawili na watoto watatu.

Sasa kwa watu wa kwao Dative kuna utaratibu, na bila kuujua huwezi kuelewa alichofanya. Kitu kikiwa hakitoshi, wewe mwenye nacho unamtolea mwenzako. Mwenzako anakataa. Unamsisitizia, anakataa tena, anakuapia, anakusukuma begani. Mwishowe kila mtu anabaki na chake na hakuna aliyeaibika. Dative alikulia humo. Hajawahi kuona mtu mzima akipokea mara ya kwanza.

"Mama Blessing," alisema, "ingia weye na batoto. Siye tutabakia hapa inje, haiko shida."

Aliyasema huku mkono wake umemshika Précieuse tayari kwa kuingia. Tena alikuwa ameshapanga la kumjibu Gracieuse atakapokataa: basi aingie na Lucas mdogo, watoe hoja hii na ile, na mwisho kabisa Précieuse na Blessing wangeingia na Dative mwenyewe. Hata sauti ya Gracieuse ya kukataa alikuwa anaisikia.

Gracieuse alizitazama bangili. Lucas alikuwa ameanza kulia kwa kuona mkia wa tembo ukipita mlangoni.

"Kweli?" aliuliza.

"Kweli." Ungejibu nini kingine?

"Bon. Aksanti sana, wifi. Mungu akubariki. Huyu wako ataelewa, atakuja mwaka mwengine."

Wakavishwa bangili, wakaingia.

Dative alibaki ameushika mkono wa mtoto. Alingoja mlango ufunguke, Gracieuse atoke akicheka, aseme nilikuwa nakutania. Haukufunguka. Gracieuse alikaa Marekani miaka mingi kuliko yeye, na huku ukiambiwa chukua, unachukua na kusema asante. Inawezekana ni hilo tu, hakukuwa na ubaya wowote. Dative alitaka kumchukia kwa roho yote akashindwa, na kushindwa kule kulimchoma zaidi, kwa sababu chuki ilibidi aipeleke mahali fulani, na palipobaki ni kwake mwenyewe.

Milango ya ukumbi ilikuwa na vioo. Ndani, Lucas aliongozwa hadi kwenye kiti chenye kadi ya njano, na herufi zake zilikuwa kubwa, zilisomeka hadi nje. Précieuse alikuwa amejua kusoma jina lake tangu chekechea. Akauliza kwa Kiingereza, polepole, kama wamekosea.

"Hapana," Dative alisema. "Ni bandugu zako. Muntu ya heshima anaachia wenzake."

Mtoto akatikisa kichwa kukubali. Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu, Dative angepata kazi ya kumbembeleza. Wakaenda kukaa kwenye kochi la mapokezi, Dative akanunua biskuti, na Précieuse akaila kwa uangalifu ili gauni lisiingie makombo. Ndani watu waliimba wimbo wa Pipo. Précieuse alikuwa anaujua wote. Midomo yake haikutikisika.

Walipotoka, Lucas alikuwa amekumbatia fremu. Kwenye picha, yeye na tembo wameshikana mashavu. Chini yake, kwa rangi ya dhahabu, limeandikwa PRÉCIEUSE. Gracieuse ni mtu wa haki kwa namna yake. Akaichukua mikononi mwa mwanawe, akampa mtoto wa wifi yake.

"Iyi jina ni yako, mama. Beba."

Précieuse aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa, akaitazama. Kisha akageuka akamrudishia Lucas, vilevile kwa mikono miwili.

"Ona mutoto amelelewa," Gracieuse alisema, na macho yake yalikuwa na machozi ya kumsifu.

Waliondoka baada ya mchana. Barabara ya kurudi ni ndefu, na Précieuse alitazama dirishani mpaka walipopita mji wa Erie. Jumapili Spés akapiga kutoka Louisville, anataka picha. Dative alisema simu iliishiwa chaji.

"Pole," Spés alisema. "Lakini mutoto atakumbuka."

"Atakumbuka," Dative alijibu.

Tangu hapo, mama wengine kanisani wanampongeza kwa malezi. Wageni wakifika, Précieuse ametoa shuka zake kitandani kabla hawajavua viatu. Mtoto wa mtu akitazama tu kitu chake, amekipata. Eliakunda alisema angetamani kuazima mtoto kama huyo. Dative husema aksanti, kisha huingia jikoni na kusimama huko bila kupika chochote, kwa sababu anajua anachosifiwa si adabu. Mtoto wake ameacha kutaka.

Baridi ilipoisha, ile kampuni ikamwandikia. Pipo anakuja Buffalo, tena hoteli ya karibu na uwanja wa ndege, mwendo mfupi tu kutoka mlangoni kwao. Safari hii Dative hakumuuliza Spés wala Eliakunda kama inafaa. Alilipa hapohapo, akiwa bado amevaa sare ya kazi, viti viwili, akaapa kwamba hata akija mgeni kutoka mbinguni hataambiwa.

Précieuse alikuwa mezani akifanya kazi ya shule. Dative akakaa karibu naye, akamwambia taratibu, kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema, kwamba tembo anakuja, na kiti chake kimeshalipiwa.

Mtoto aliendelea kuandika. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ni watoto wa nani watakaoingia safari hii.