Kanda Iliyoandikwa "Msiba"

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili Msambweni nilipopata nafasi ya kukaa miezi mitatu katika maktaba moja kubwa jijini Nairobi. Maktaba hiyo huwaalika waandishi na wachoraji, ikawapa meza na ruhusa ya kupekua makavazi yake, kisha kila mmoja akatunga alitakalo kutokana na aliyoyaona. Mimi niliahidi kuandika juu ya nyimbo za kwetu.

Wiki tatu nzima sikuuona wimbo hata mmoja. Nilisoma barua za maafisa wa zamani waliolalamikia barabara ya Kinango na uhaba wa maji, mpaka nikaanza kuwaonea huruma. Ndipo asubuhi moja mhifadhi wa nyaraka, bwana wa makamo kutoka bara, aliponiwekea kisanduku mezani.

"Mwalimu, hii inatoka kwenu," akasema.

Ndani mlikuwa na kanda, na kibandiko chake kiliandikwa: "Wimbo wa msiba. Wanawake wa Bodo."

Nikasikiliza. Sauti zilipanda polepole, nzito, kama za watu waliofiwa. Maneno yalikuwa ya Kivumba cha zamani, lahaja ya wazee wa kwetu, nami niliyashika nusu nusu. Machozi yalinitoka, wala sikuona haya. Lakini mwishoni nilisikia kitu kama msichana anayebana kicheko. Nikairudisha mara tatu. Kilikuwa kicheko kweli.

Niliandika barua, nikaruhusiwa kubeba nakala kwenye simu. Ijumaa nikateremka pwani, na Jumamosi nilikuwa kijijini Bodo kwa shangazi yangu, dada mdogo wa marehemu baba. Nilimkuta barazani akichambua mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko maktaba hawali?"

Nikamwekea simu kando ya ungo. Mstari wa kwanza tu, mkono wake ukasimama. Wa pili, mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, nikanyoosha mkono kuizima.

"Iache," akasema. Alikuwa anacheka.

"Si wimbo wa msiba huu?"

"Msiba wa nani? Hakuna aliyekufa hapa. Hii ni harusi. Bwana harusi aliazima viatu, vikambana, akaingia akitembea kama kaa. Basi sisi tukavililia vile vidole vyake. Tuliimba kwa sauti ya kilio makusudi."

"Na aliyerekodi?"

"Yule mgeni alivua kofia, akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa msichana mdogo, nikashindwa kujizuia, mama akanifinya."

Nikamuuliza bwana harusi alikuwa nani. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua hutokea wapi.

"Si babako huyo."

Baba alifariki nikiwa shule ya msingi. Nilimjua kama mtu wa maneno machache, asiyependa mzaha. Sasa nikamwona kijana, ana jasho, anachechemea kumwendea mama mbele ya kijiji kizima, na dada zake wanamwombolezea vidole. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta.

Shangazi akawaita jirani zake wawili. Wakauimba wote watatu, na mara hii hakuna aliyebana kicheko. Nikawarekodi.

Niliporudi Nairobi, mhifadhi alisikiliza kanda ile na rekodi yangu, akacheka mpaka wenzake wakaja kusikiliza, nao wakacheka. Kisha akachukua kadi ya maelezo ya kanda ile. Hakuyafuta maandishi ya zamani. Chini yake akaandika kwa herufi safi: "Wimbo wa harusi. Ni wa kuchekesha. Maelezo yametolewa na mwimbaji mwenyewe," akaongeza jina la shangazi.

Nilimpigia simu shangazi kumwarifu.

"Jina langu wameliandika vizuri?"

Nikamsomea herufi moja moja.

"Haya," akasema. "Alhamdulillahi. Na hao wa huko, walipousikia, walicheka?"

Nikamwambia walicheka, na mhifadhi ndiye aliyecheka zaidi.