Mtu Niliyempitisha Baharini

Nilizaliwa Garissa kwa wafuga ngamia, nikastaafu nikiwa ofisa mkubwa wa jeshi la wanamaji. Jamaa zangu walinicheka: mchunga ngamia na maji ya chumvi, wapi na wapi? Nikapanda vyeo hadi wakanyamaza.

Vita vya mpakani vilipopamba moto nilipewa meli ya doria. Asubuhi moja, chai bado mkononi, tulisimamisha boti ya mizigo. Msaidizi wangu, Luteni Mutua, alitaka magunia yote yapakuliwe. Nahodha wa boti akasoma jina langu kifuani, akanisalimia Kisomali, kisha akaanza kutaja baba na mababu zake, mmoja baada ya mwingine. Alipofika wa sita, alimtaja mzee ambaye hata mimi natokana naye.

"Afande, tupekue," Mutua alisema.

"Huyu ni wetu. Mwache aende."

Kwetu mtu anayejua majina hayo haulizwi mara mbili. Ujinga wangu, wallahi.

Mwezi uliofuata mdogo wangu Yusuf, mwalimu wa Lafey, alipanda lori kwenda Elwak na mkewe Halima.

Watu wenye bunduki wakalisimamisha.

Kiongozi wao alimuuliza Yusuf majina ya mababu zake. Akayataja.

"Kaka yako nilimpita baharini kwa majina hayo," yule mtu akasema. "Bunduki hizi amezipitisha yeye."

Akampiga risasi.

Halima ndiye aliyenieleza, macho makavu. Wazee walikuja kuniambia nisamehe. Nikawajibu wamsamehe wao. Nilistaafu kwa jambo moja tu, kumuua yule nahodha kwa mkono wangu. Miaka miwili nilizunguka, Banissa hadi mpakani, nikiulizia visimani.

Nilikuta kaburi lake. Homa ilikuwa imemuwahi. Mama yake, kikongwe, hakujua nilichofuata. Aliniuliza majina yangu, naye akanitajia ya mwanawe. Yote yalikuwa ya kweli. Damu yangu ilimuua Yusuf, na njia niliifungua mimi.

"Karibu, mtoto wetu," mama akasema, akanipa maziwa ya ngamia.

Niliyamwaga chini mbele yake. Mtu wa kwetu anajua uzito wa tusi hilo.

Nyumbani Halima aliuliza kama nimemuua. Nikamwambia nimechelewa. Akaendelea kukunja nguo za watoto.

Yule mama hakunikosea lolote, najua. Angenipa tena leo, ningemwaga tena.