Mlevi wa Kwenye Shuka

Juzi, pale Mikumi, niliona shuka jeupe limeanikwa, nikakumbuka sinema ya mchana niliyopelekwa na baba nikiwa mtoto, ndani ya ghala la katani Kilosa, milango imefungwa, vumbi likituwasha pua. Nyumbani mama alikuwa ameshafunga mzigo wake, amechoshwa na pombe ya baba.

Kwenye shuka lililotundikwa ukutani kuonyeshea picha, mlevi wa filamu ileile ya wiki iliyotangulia alikuwa anaelekea tena kilabuni, akapoteze shamba na mke. Nilidhani mara ya kwanza hakutusikia watazamaji tulipomkataza. Nikapanda juu ya robota la katani, nikapaza sauti: "Mjomba, usiingie!"

Aliingia. Nikalia.

"Mwanao anamlilia mlevi mwenzako!" jirani alimtania baba.

Baba hakucheka. "Yule hasikii, mwanangu," alisema akinishusha. "Mimi nimesikia."

Tukirudi nyumbani, tulikipita kilabu alichozoea kunywea bila kusimama. Mzigo wa mama ulikaa mlangoni siku nyingi, kisha akaufungua.